TUNAPOSAFIRI NA MBWA AU PAKA KATIKA GARI

Kuna msemo unaosikika kila mara watu wanapoumia barabarani: "Ajali haina kinga." Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi hatuupendi msemo huo. Wengi wa majeruhi tunaowafunga vidonda wangeweza kabisa kukingwa, na mara nyingi kinga yenyewe ingekuwa kitu kidogo tu, kama kamba fupi, dumu la maji, au sindano moja ya chanjo.

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo familia nyingi hulikumbuka siku ya safari yenyewe, wakati vitanda na masufuria vimekwisha pakiwa: mbwa au paka wetu atasafiri vipi? Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la bwana mifugo, si la ukurasa wa afya. Tunaomba mtusikilize kwanza.

KISA CHA FAMILIA MOJA

Hospitali yetu haiko mbali na barabara kuu itokayo Makambako kwenda Iringa na Morogoro. Desemba moja tulipokea familia ya mwalimu aliyekuwa amehamishwa kutoka Njombe kwenda Morogoro. Walikuwa wamekodi pikapu. Mizigo ilipangwa nyuma, na juu kabisa ya mizigo alifungwa mbwa wao, kwa kamba ndefu ya katani shingoni.

Njombe ni nchi ya baridi. Mbwa yule alikuwa hajawahi kupanda gari wala kuonja joto la bondeni. Walipoteremka Mlima Kitonga, kila kona mizigo iliyumba, na mbwa aliteleza huku na huku. Waliposimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, walimkuta amening'inia nusu, kamba ikimkaba, ulimi nje. Mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miaka 9, alipanda haraka kumwokoa rafiki yake. Mbwa alimwuma mkononi mara mbili, akachomoka, akakimbilia vichakani. Hawakumwona tena.

Baba alimwaga petroli kidogo juu ya jeraha, akafunga kitambaa. Walipotufikia saa kadhaa zilikuwa zimepita. Tulipouliza kuhusu chanjo ya mbwa, baba alijibu: "Huyu ni mbwa wetu, tumemlea tangu akiwa mdogo. Hajawahi kumwuma mtu." Alisema kweli. Lakini hakuwa na cheti cha chanjo, na mbwa mwenyewe alikuwa ametoweka. Hivyo hatukuwa na njia ya kujua kama alikuwa mzima. Ilibidi mtoto aanze sindano za kuzuia kichaa cha mbwa siku ile ile, mama abaki naye, na baba aendelee na mizigo peke yake.

Tunalotaka mlikumbuke ni hili: mbwa tuliyemzoea nyumbani si yule yule akiwa njiani. Kelele, joto, kiu na hofu humbadilisha mnyama mpole. Kwa hiyo hatuna budi kumwandalia safari yake mapema, kama tunavyowaandalia watoto.

KABLA YA SAFARI: CHANJO

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, macho au mdomo. Kwa kawaida dalili huonekana baada ya miezi 2 au 3, lakini zinaweza kutokea baada ya wiki moja tu au zikachelewa hata mwaka. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Afrika na Asia, na kwamba karibu wote huupata kutoka kwa mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaokufa, karibu 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Sisi tuliowahi kumwuguza mgonjwa wa kichaa cha mbwa, anayeomba maji na kushindwa kuyameza, hatutaki kumwona mwingine.

Chanjo ya mbwa na paka hutolewa kuanzia umri wa miezi 3, na hata mapema zaidi bwana mifugo akiona yafaa. Hurudiwa kila mwaka. Sehemu mbalimbali hutolewa kwa wingi karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Msingoje siku ya kuamkia safari, kwa maana mwili wa mnyama unahitaji wiki kadhaa kujenga kinga. Mpelekeni walau mwezi mmoja kabla, mkaombe cheti, na cheti hicho kisafiri pamoja nanyi, si ndani ya sanduku lililo chini ya mizigo.

Wakati huo huo mwulizeni afisa mifugo kuhusu kibali cha kumhamisha mnyama kutoka wilaya moja hadi nyingine, na dawa za minyoo na viroboto. Wanaovuka mpaka wa nchi waanze mapema zaidi, kwani nchi jirani nayo ina masharti yake.

Mnyama mwenye dalili za ugonjwa asisafirishwe kabisa. Jihadharini na mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayeuma vitu ovyo, anayetokwa mate mengi, aliyebadilika sauti, anayeyumba au ambaye taya lake limelegea. Wengine huwa wakimya tu, hujificha gizani na kushindwa kumeza. Mtu akiona hivyo hudhani mfupa umemkwama, akaingiza mkono kinywani kuutoa. Msifanye hivyo kamwe. Mwiteni bwana mifugo.

MAHALI PA MNYAMA NDANI YA GARI

Watu wengi husema, "Ni mbwa mdogo tu, nitampakata." Hebu tupige hesabu. Gari likienda mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo unaoruhusiwa vijijini na mijini, kila kilichomo ndani kinakwenda mwendo huo huo. Gari likigonga kitu na kusimama ghafla, mbwa asiyefungwa huendelea mbele kwa mwendo ule ule. Nguvu atakayogonga nayo ni sawa na ya mbwa aliyeangushwa kutoka urefu wa mita 10 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 80 ni sawa na mita 25, yaani mnazi mrefu sana. Sasa fikirini mbwa wa kilo 20 akimwangukia mtoto kichwani kutoka juu ya mnazi. Mbwa atakufa, na mtoto naye anaweza kufa.

Kwa hiyo yafaa kufuata mambo haya:

(a) Paka na mbwa mdogo wawekwe ndani ya kreti, tenga au sanduku la mbao lenye matundu ya hewa pande zote. Liwe na nafasi ya mnyama kusimama, kugeuka na kulala. Chini tandikeni gunia au kitambaa cha zamani. Sanduku lenyewe lifungwe lisisogee, kwani sanduku lisilofungwa nalo huruka.

(b) Paka asitiwe katika kiroba au mfuko wa plastiki na kufungwa mdomo. Wengi hufika wakiwa wamekufa kwa kukosa hewa, na walio hai hutoka kwa makucha.

(c) Paka asiachwe huru ndani ya gari. Akiogopa hutafuta mahali pa giza, na mahali penyewe mara nyingi ni miguuni mwa dereva, chini ya pedali ya breki. Hatuna haja ya kueleza zaidi. Hata kuku afungwe vizuri ndani ya tenga. Asiachwe atembee chini ya viti.

(d) Mbwa mkubwa akae nyuma ya viti, mahali palipotengwa kwa wavu au ubao, au kwenye kiti cha nyuma akiwa amefungwa kwa mkanda unaopita kifuani na mabegani. Mkanda wa shingoni peke yake haufai kumzuia, maana gari likisimama ghafla unaweza kumvunja shingo.

(e) Asikae kiti cha mbele, wala mapajani mwa dereva. Magari mengi ya siku hizi yana mifuko ya hewa inayofumuka kwa nguvu wakati wa ajali. Mfuko huo ukimpiga mnyama aliyepakatwa, unawaumiza yeye na aliyempakata.

(f) Asiachwe atoe kichwa dirishani. Vumbi, mawe madogo na wadudu huumiza macho, na lori linalopishana nanyi haliko mbali.

(g) Msimfungie katika buti ya gari dogo wala katika sehemu ya mizigo ya basi. Humo mna joto, hewa ni haba, na moshi wa injini waweza kuingia.

Na kama hakuna gari jingine ila pikapu? Wengi wetu ndivyo tulivyo. Basi mbwa asifungwe juu ya mizigo. Mtengenezeeni nafasi chini, karibu na kibanda cha dereva, mwekeni ndani ya kreti imara iliyofungwa kwenye bodi la gari, na muweke kivuli kisichozuia hewa. Kamba ndefu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu humruhusu kuruka nje lakini haimfikishi chini.

Watoto nao wasipande nyuma ya pikapu ili "kumshika mbwa". Nafasi ya mtoto ni kwenye kiti, na mkanda umefungwa.

JOTO NDANI YA GARI

Binadamu hupoza mwili kwa kutoka jasho. Mbwa hana jasho la kutosha. Hutoka kidogo tu kwenye nyayo, na hutegemea zaidi kuhema akitoa ulimi. Ndani ya gari lililofungwa kuhema huko hakumsaidii, maana hewa anayoivuta ni ya moto.

Gari lililosimama juani hupata joto upesi kuliko tunavyodhani. Nje kukiwa na nyuzi 27 tu za sentigredi, baada ya dakika 10 ndani ya gari huweza kufika nyuzi 37, na baada ya nusu saa nyuzi 46. Kuacha dirisha wazi kidogo hakubadilishi sana. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Dakika 10 ni muda wa kununua vitunguu na kudai chenji.

Hapa tunawaonya wazazi kwa moyo wote: haya yanayompata mbwa humpata na mtoto mchanga aliyeachwa amelala ndani ya gari. Mwili wa mtoto hupanda joto haraka kuliko wa mtu mzima. Asiachwe mtoto, asiachwe mnyama, hata kwa "dakika moja tu".

Dalili za mnyama aliyezidiwa na joto ni kuhema kwa kasi sana, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kutapika, kuyumba, na mwishowe kuanguka. Mtoeni haraka mkampeleke kivulini. Mmiminieni maji ya kawaida ya baridi mwilini, hasa tumboni na miguuni, huku mkimpepea. Mpeni maji ya kunywa kidogo kidogo kama anaweza kumeza, msimnyweshe kwa nguvu. Kisha mtafuteni daktari wa mifugo, hata kama anaonekana amepata nafuu.

CHAKULA, MAJI NA DAWA

Mlisheni chakula kidogo saa 3 au 4 kabla ya kuondoka, ili asitapike njiani. Maji asinyimwe. Chukueni dumu la maji na bakuli lake mwenyewe, lisiwe lile watakalolia watoto.

Simameni kila baada ya saa 2 hivi, mahali penye kivuli na mbali na lami. Kabla ya kufungua mlango, kwanza mfungeni kamba mkononi mwa mtu mzima, ndipo mfungue. Mbwa wengi hupotea au kugongwa katika sekunde ile ya mlango kufunguliwa. Barabara ya Morogoro inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Humo msimshushe mnyama kabisa, wala ninyi wenyewe msishuke.

Msimpe mnyama dawa za binadamu ili "alale". Paracetamol, ambayo sisi tunaimeza kwa maumivu ya kichwa, ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja chatosha kumwua. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Kama mnyama wenu anahangaika sana garini, mzoesheni kwa safari fupi fupi wiki chache kabla, na mwombeni daktari wa mifugo ushauri.

Kila aliyemshika mnyama anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, hasa watoto, kwa sababu ya minyoo. Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine, kwani kinyesi hicho chaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

MTU AKIUMWA NJIANI

Tuseme pamoja na tahadhari zote mtu ameumwa au amekwaruzwa. Fanyeni hivi:

1. Papo hapo osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 kamili kwa saa. Kama hakuna bomba, mmoja amimine maji kwa kopo na mwingine aoshe. Ndiyo sababu twasisitiza dumu la maji na kipande cha sabuni viwe karibu. Kuosha huku huondoa virusi vingi sana kabla havijaingia ndani.

2. Mkiwa na dawa ya kuua vijidudu kama ayodini, ipakeni. Msitie petroli, maji ya betri, pilipili, majivu, mafuta ya kula wala manyoya ya mbwa aliyeuma. Msifunge jeraha kwa kulikaza.

3. Nendeni hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni mchubuko mdogo. Msingoje mfike mwisho wa safari.

4. Kumbukeni mnyama alivyo na alipo. Kama ni wenu, mfungeni salama bila kujihatarisha, na mchukue cheti chake. Msimwue. Mbwa au paka akifungiwa na kuangaliwa kwa siku 10 akabaki mzima, tunajua kwamba siku aliyouma hakuwa na virusi katika mate yake, na hapo daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini sindano ya kwanza haingojei siku hizo kumi.

Wazee wengi wanakumbuka sindano nyingi za tumboni na hadi leo wanawatisha watoto. Utaratibu huo umekwisha. Siku hizi chanjo huchomwa begani. Kwa mtoto mdogo sana huchomwa pajani. Hutolewa siku ya kwanza ya kufika, kisha siku ya 3 na ya 7 baada ya hiyo, na katika utaratibu mwingine huongezwa moja kati ya siku ya 14 na ya 28. Jeraha likiwa limetoboa ngozi, mgonjwa huhitaji pia dawa ya kingamwili inayochomwa kuzunguka jeraha, na kinga ya pepopunda. Msikatize sindano kwa sababu jeraha limepona. Ngozi hupona haraka, lakini virusi vyaweza kuwa bado viko safarini kuelekea kwenye ubongo.

Jambo jingine: baada ya ajali ya gari, hata mbwa mpole kabisa anaweza kumwuma anayekuja kuokoa. Waonyeni wasamaria wema kwamba ndani mna mbwa, na mfunikeni kwa blanketi kabla ya kumgusa.

KWA UFUPI

Mwezi mmoja kabla: chanjo, cheti na kibali. Wiki chache kabla: safari fupi za kumzoesha. Siku ya safari: chakula kidogo, kreti au mkanda wa kifuani, dumu la maji, bakuli, sabuni, kamba fupi. Njiani: kivuli, kusimama kila saa 2, na mlango usifunguliwe kabla ya kamba kushikwa. Kama hamwezi kutimiza haya, si vibaya kumwacha mnyama kwa ndugu au jirani mwaminifu hadi mpate nafasi. Huko pia ni kumtunza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na safari si ruhusa ya kumtesa.

Yule mtoto wa mwalimu alimaliza sindano zake zote na yu mzima. Miezi kadhaa baadaye baba yake alipita kutusalimu akiwa njiani kwenda Njombe. Alitueleza kwamba wanaye mbwa mwingine sasa, na kwamba cheti chake cha chanjo kinakaa katika mfuko mmoja na kadi za kliniki za watoto. Tulifurahi kusikia hivyo. Tahadhari kabla ya hatari.